Upanga wa Mistari Tisa

Saa 2:40 asubuhi

Chumba cha nyuma cha duka la Kakizoe kilikuwa na meza moja, jiko la mafuta ya taa, na watu wanne waliokwisha kuchokana.

Kakizoe alitandaza karatasi mezani. Akaikandamiza pembe kwa vikombe vya chai.

"Nyumba ya mjane Iwamuro," alisema. "Mlango wa mbele. Mlango wa jikoni. Hiki chumba cha panga, hiki cha kulia. Leo ni siku ya baraza lao. Wazee kumi na wawili, panga tano. Sisi tunataka mmoja tu. Mfupi. Kazi ya mhunzi Tomokado."

"Mfupi kiasi gani?" aliuliza Gonda, dereva. Alikuwa na tonge la wali mkononi na jingine mdomoni.

"Kiasi cha kuingia ndani ya koti la mzee."

"Basi si upanga huo, bosi. Ni kisu kilichosoma."

Hakuna aliyecheka. Shinobu, dada mdogo wa Gonda, alikuwa ameshavaa aproni ya watu wa chakula. Wiki mbili sasa alikuwa akifanya kazi kwa mpishi anayepeleka chakula cha mchana kwenye baraza lile. Macho yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala, na hakutaka kuulizwa.

Kakizoe aliendelea. "Jina la mhunzi limechorwa kwenye msuka, na msuka umo ndani ya mpini. Ndiyo starehe ya wazee hawa. Wanatazama chuma, wanaandika kwenye kikaratasi nani alikifua, mjane anawasahihisha. Leo panga fupi zitakuwa mbili. Mipini sawa. Mimi nikiziona naona visu viwili vya kumenyea matunda. Ndiyo maana tuna mzee."

Wote walimgeukia Hatsugai.

Hatsugai Tamotsu alikuwa ameketi sakafuni, goti la kulia juu, vidole vya mguu vimekunjwa. Miaka thelathini ya kunoa panga ilikuwa imemkunja hivyo. Hata kwenye kiti cha treni aliketi hivyo. Mbele yake palikuwa na upanga mfupi kwenye ala ya mti mweupe, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameufanyia kazi miezi minne. Upanga wa mhunzi mdogo, wa mtaa uleule wa Osafune, urefu uleule. Alikuwa ameusugua hadi ukafanana na mkubwa wake kama mtoto wa kambo anayejitahidi.

"Unaweka huu, unachukua ule," Kakizoe alisema. "Saa sita na dakika tano Shinobu anakupa nafasi. Mjane hafuti panga mpaka baraza limalizike saa tisa. Saa tisa sisi tumeshavuka mto, tuko mbali. Swali?"

"Mteja," alisema Hatsugai. "Ulisema atautunza."

"Ataulaza kwenye hariri."

"Kama ulivyo? Mpaka msuka?"

"Mzee, mbona unauliza kama mama mkwe?" Kakizoe alimgonga begani. "Kama ulivyo. Na wewe unapata chumba chako. Sakafu ya mbao, maji ya bomba, vinoo vyote vya marehemu mwalimu wako. Dakika kumi kwa miguu kutoka kwa binti yako. Jambo moja tu. Kwenye kikaratasi, kosea. Andika jina lolote. Mtu anayekosea hakumbukwi."

Hatsugai aliitikia kwa kichwa. Akafungua mfuko wake mdogo wa nguo, akahakikisha vitu vyake: karatasi laini, kidonge cha unga wa jiwe kwenye hariri, kichupa cha mafuta ya karafuu.

"Unanuka kama daktari wa meno," alisema Gonda.

"Binti yangu alikuwa akisema hivyohivyo."

Binti yake, Chikage, alikuwa mjini Himeji, na tumbo la miezi tisa. Miaka minane iliyopita Hatsugai alichora majina ya uongo kwenye misuka ya panga za Kakizoe, akanyea debe gerezani miaka mitatu peke yake. Kakizoe hakutajwa. Chikage alikuja kumtazama mara moja tu, nyuma ya kioo. Mwezi uliopita alimwambia kwenye simu, polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma: "Baba, mwanangu sitamleta kwenye kioo. Ukiingia tena, hatakujua."

Basi ilikuwa ni mara hii tu. Kisha chumba. Kisha mjukuu.

Alikuwa amechoka kiasi kwamba aliyaamini hayo.

Saa 4:15 asubuhi

Kwenye kitabu cha wageni alijiandika Kusaba, mwalimu mstaafu. Matunda ya msimu yaliyomenywa yalikuwa yananing'inia barazani, yamepangwa kwenye kamba, yanakauka. Ndani palikuwa na giza la makusudi. Taa tano, kila moja juu ya upanga wake, na panga zimelala wazi juu ya kitambaa chekundu.

Wazee walikuwa kumi na mmoja. Yeye wa kumi na mbili. Hakuna aliyekuwa akiongea. Juu ya upanga ulio wazi mtu haongei. Tone la mate ni dogo kuliko kichwa cha sindano, lakini chuma kinalikumbuka.

Mama Iwamuro aliketi pembeni na kijisanduku cha vikaratasi. Miaka sabini na sita. Vidole vimevimba kwenye maungo, vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Alimtazama Hatsugai alipoketi. Akatazama goti lake la kulia.

Hatsugai alilishusha goti. Alikuwa amechelewa.

Upanga wa kwanza. Wa pili. Ndefu, nzuri, hazikumhusu. Wa tatu ulikuwa mfupi. Aliinama kuusalimu, akauinua, akauelekeza kwenye taa. Kazi ya watu wa kusini. Sio wenyewe.

Wa nne.

Aliinama. Akauinua. Kabla hajautazama, mkono ulikuwa umeshajua. Ulikuwa mzito kidogo karibu na mpini na mwepesi nchani, kama samaki anayetaka kurudi majini. Akauelekeza kwenye taa. Ule ukungu mweupe ambao moto wa mhunzi huuacha kwenye chuma ukapita kwenye makali yote, ukapanda, ukashuka, ukavunjika mahali pamoja kama pumzi ya mtu aliyeshtuka.

Akatazama mgongoni, pale juu ya pete ya shaba. Mistari midogo iliyosuguliwa kwa sindano ya chuma. Ndiyo saini ya mnoaji, wala haina maneno. Nyumba ya mwalimu wake, Urabe, ilichora saba. Hapa palikuwa na tisa.

Miaka ishirini na sita iliyopita mwalimu alikuwa amempa sindano ile kwa mara ya kwanza. Mkono ulimtetemeka kwa furaha, akapitiliza. Mwalimu alihesabu, kisha akasema, "Haya. Sasa watu watajua kwamba ulikuwepo."

Hatsugai aliurudisha. Akainama tena, zaidi kuliko ilivyohitajika.

Saa 5:50

Kikaratasi kilikuwa mbele yake, na kalamu. Upanga wa kwanza, akakosea. Wa pili, akakosea. Ilikuwa rahisi. Wa tatu, akakosea. Wa tano akaandika jina la kijinga kabisa.

Akarudi kwenye nafasi ya wa nne.

Kosea, alijiambia. Jina lolote. Alikuwa na majina mia kichwani. Mkono uliandika, kwa herufi nzuri za mtu aliyefundishwa: Tomokado, wa Osafune, kazi yake ya uzeeni.

Aliyatazama maneno yale kama mtu anayetazama mguu wake mwenyewe umevunjika. Alitaka kuyafuta. Ila mtu aliyewahi kudanganya juu ya jina la upanga, akalipa miaka mitatu, hawezi kudanganya mara ya pili mbele ya upanga uleule uliomfanya awe mtu. Hakikuwa kiburi. Alishindwa tu.

Akakipeleka.

Mama Iwamuro alisoma. Akasoma tena. Kwa mpangilio wa baraza alitakiwa kusema moja kati ya mambo mawili: umegonga, au hapana. Hakusema.

"Umewahi kuuona huu wa nne, bwana Kusaba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye picha, mama."

"Alaa," alisema mjane. "Haujawahi kupigwa picha."

Akaweka kikaratasi kando, peke yake, mbali na vingine. Kisha akatabasamu kwa adabu. "Umegonga."

Saa 6:05 mchana

Wazee walikuwa wanainuka kwenda kula. Hatsugai alibaki kwenye upanga wa nne, kana kwamba anauaga.

Mlango wa karatasi ukafunguka. Shinobu akaingia na sinia. Vikombe kumi na viwili vya chai ya moto, vimejaa hadi ukingoni, vinacheza.

Kwenye nyumba nyingine yoyote hilo ni ukarimu. Hapa ilikuwa kama mtu ameingia na nyoka.

"Maji! Maji!"

"Toka, binti! Toka nayo!"

"Usigeuke! Rudi kinyumenyume! Kinyumenyume!"

Wazee kumi na mmoja, wengine wa fimbo, waliruka kama vijana. Mmoja akatandaza mikono juu ya kitambaa chekundu, mwingine akavua koti kufunika panga. Shinobu akajikwaa kidogo, kwa ustadi, tone likaruka, watu wakapiga ukelele.

Hatsugai alihesabu. Moja, koti wazi. Mbili, uongo nje. Tatu, ukweli ndani, ncha kwanza, ala ya mti ikaumeza bila sauti. Nne, uongo juu ya kitambaa. Tano.

Akapiga magoti akainama kwa ule wa uongo. Mazoea.

Alipoinua uso, alimwona mjane. Alikuwa mlangoni, katikati ya kelele. Hakuwa anamtazama Shinobu.

Saa 6:12

Gonda alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, injini inanguruma. Kigari kidogo cheupe cha mizigo. Kakizoe nyuma, sakafuni.

"Unao?"

"Ninao."

"Kula kona, Gonda. Polepole. Usikimbize mpaka tupite shule."

Mashamba ya mpunga yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mabua. Kakizoe alinyoosha mkono. Hatsugai alimpa upanga ukiwa ndani ya ala, kwa mikono miwili, kama inavyopaswa. Kakizoe aliuchukua kwa mmoja.

"Miezi minne nakupa wali, mzee. Kumbe unafaa."

"Sasa Shinobu?" Gonda aliuliza kwenye kioo. "Tunamchukua stesheni saa ngapi?"

"Akimaliza kuosha vyombo. Endesha."

Saa 6:33

Waliiona taa nyekundu kabla ya kuliona daraja. Gari mbili za polisi, zimekaa mshazari. Foleni ya malori.

Gonda alikata kushoto bila kuambiwa, akashuka kwenye njia ya udongo chini ya ukingo wa mto. Akasimama kwenye matete. Injini ikazimwa. Ndege wakaruka.

"Saa tisa," alisema Kakizoe. "Alitakiwa kuugusa saa tisa! Nani katuchoma?" Akamgeukia Hatsugai. Aliujua uso ule. "Mzee. Uliandika nini?"

Hatsugai alikuwa anatazama mto.

"Mzee!"

"Niliandika jina lake."



"Nilikwambia kosea," Kakizoe alisema taratibu. "Neno moja. Hata mwendawazimu anajua kukosea!"

"Nilijaribu."

"Alijaribu! Gonda, umesikia? Alijaribu." Kakizoe alicheka, kicheko kikavu. Akavuta mfuko wa zana kutoka chini ya kiti, akatoa tupa. Tupa mpya ya chuma, meno makali, bado ina karatasi ya dukani. "Basi hili tuliloliweka la jioni tunalifanya sasa. Jina likitoka, hakuna upanga. Kuna kipande cha chuma kizuri, na mteja wangu hajui kusoma herufi zetu hata hivyo."

Hatsugai alitazama tupa. Ilikuwa mpya, imenunuliwa mapema. Ilikuwepo pale chini ya kiti tangu asubuhi, wakati wa hariri na wakati wa chumba cha sakafu ya mbao.

"Ulisema kama ulivyo."

"Nilisema mengi. Na wewe ndiye fundi wa misuka, ama umesahau? Shika. Dakika kumi tu."

"Nilichora majina ya uongo," alisema Hatsugai. "Niliyalipa. Hili la kweli silifuti."

"Bosi," Gonda aliingilia. Hakuwa anasikiliza mambo ya majina. "Polisi wako darajani, maana yake wako na nyumbani kule. Shinobu yuko jikoni."

"Shinobu atajijua."

"Unasemaje?"

"Mtu mzima yule. Atasema hajui kitu, alimwaga chai tu. Akituuza, kwani anajua nini?"

Gonda aligeuka mwili mzima. Lilikuwa pande la mtu, na kiti kililia. "Yule ni mdogo wangu, Kakizoe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Nakwenda kumchukua," alisema, akashika ufunguo.

Kakizoe aliuchomoa upanga. Aliuchomoa vibaya, kwa kuukwaruza, makali yanakula mti wa ala. Akauweka karibu na shingo ya Gonda, akaanza kuongea, kwa sauti, na mate yakawa yanaruka juu ya chuma.

Mate ndiyo aliyoyaona Hatsugai. Hakuiona shingo. Baadaye aliona aibu kwa hilo.

Alidaka kiwiko cha Kakizoe kwa mikono yote miwili. Mikono iliyosukuma chuma juu ya jiwe miaka thelathini haina haraka, lakini haiachii. Kiwiko kikazunguka. Mpini ukateleza. Na Kakizoe akafanya lile ambalo mtoto wa mhunzi anakatazwa kabla hajajua kutembea: alifuata upanga unaoanguka kwa kiganja kilicho wazi, akafumba.

Hakupiga kelele mara moja. Alifumbua mkono, akautazama. Ulikuwa umefunguka kama kitabu.

Kisha akapiga kelele.

Saa 6:50

Kakizoe alikimbilia kwenye mabua, mkono umefungwa taulo la Gonda, anatukana, anaanguka, anainuka. Taulo lilikuwa jekundu kabla hajafika mtaro wa pili. Hakuna aliyemfuata. Hangefika mbali.

"Panda, mzee," Gonda alisema. "Namchukua Shinobu, tunapita njia ya milimani. Kuna treni yako ya saa nane kasorobo stesheni ya pili. Utafika Himeji kabla hata hawajajua sura yako."

Hatsugai alikuwa ameshateremka. Alikuwa ameushika upanga ukielekea juu, ala kwapani, damu inashuka kuelekea mpini.

"Nenda wewe."

"Mzee, unafuta kisu na polisi wako darajani?"

"Damu haisubiri. Jioni itakuwa imeshakula."

"Futia garini basi!"

"Gari linatikisika."

Gonda akatoa tonge la mwisho la wali mfukoni, limefungwa kwa karatasi, akaliweka juu ya jiwe. "Nyinyi watu wa chuma," alisema, "Mungu wenu awahurumie." Akawasha gari.

Saa 7:05

Palikuwa na kijibanda cha mungu wa mashamba kando ya ukingo, na kizingiti kikavu cha jiwe. Hatsugai aliketi. Goti la kulia juu, vidole vimekunjwa. Akafungua mfuko wake.

Karatasi ya kwanza ilitoka nyekundu. Ya pili, ya waridi. Alifuta kwa njia moja tu, kutoka shina kwenda ncha, bila kurudi. Akapigapiga unga, doti kwa doti, kama mama anavyompaka mtoto poda. Akafuta. Akauelekeza kwenye anga. Ukungu wa makali ukarudi.

Simu ikatetemeka kifuani. Aliiacha ikate. Ikaita tena.

"Baba?" Sauti ya Chikage ilikuwa nyembamba, kama imetoka safari ndefu. "Msichana. Saa tano na dakika arobaini na nane. Kilo tatu na kitu. Baba, ana vidole virefu kama vyako."

Hatsugai aligeuza uso pembeni ili asipumulie upanga.

"Upo wapi? Utakuja? Mume wangu amesema ukija leo atakupisha, ye atalala kwenye kiti."

Treni ya saa nane kasorobo. Angetembea haraka angeiwahi, njia ya mashambani. Upanga ndani ya koti. Angenawa mikono hospitali. Angembeba.

"Baba, mbona kama kuna upepo? Unafanya nini?"

"Napaka upanga mafuta."

Chikage alikuwa mtoto wa mnoaji. Alijua kwamba kwa miaka minane hakuna mtu aliyempa baba yake upanga.

"Wa nani?" aliuliza.

Angeweza kukosea hapo pia. Jina lolote.

"Si wetu, mwanangu."

Alimsikia akipumua. Nyuma yake, mbali, kilio kidogo kikavu, kama mlango mpya.

"Nilikwambia," alisema Chikage. Alikuwa analia sasa, bila kelele. "Nilikwambia kuhusu kioo."

"Ulinambia."

"Urudishe."

"Nikirudisha watanichukua."

"Najua watakuchukua! Nimesema urudishe." Kisha kwa sauti ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka sita, akiwa amekaa karibu na beseni la maji akimtazama akinoa: "Jina tunampa usiku wa saba. Nitaliandika mwenyewe kwa brashi, nikuletee uone. Mambo ya kioo... tutayaona hukohuko kwenye kioo. Nenda, baba."

Hatsugai alipaka mafuta. Yalikuwa mepesi, ya manjano, na harufu ya karafuu ikapanda, ikaifunika ya damu. Kisha akaona jambo ambalo alikuwa amelikwepa kuliona. Kwenye ukingo wa mpini, chini ya pete ya shaba, palikuwa na ufa mwembamba, na ufa ulikuwa mwekundu. Damu ilikuwa imeingia ndani. Kwenye msuka. Kwenye jina.

Hapo kwenye jiwe hapakufaa kufungua. Palihitaji mkeka, taa, nyundo ndogo ya kung'oa kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini.

Akaurudisha kwenye ala. Akala tonge la wali la Gonda hadi mwisho, kwa sababu hakujua atakula lini tena. Akaanza kutembea.

Saa 8:10

Wazee wote walikuwa wamesimama barazani chini ya matunda yanayokauka, bado na soksi zao nyeupe. Polisi walikuwa watatu. Shinobu alikuwa ameketi kwenye ngazi, aproni imelowa chai, na Gonda kando yake, pingu mkononi, ameegemeza kichwa begani kwa dada yake. Alikuwa amekuja kweli kumchukua. Alipomwona mzee aliinua kidevu tu.

Polisi kijana aliruka. "Wewe! Weka chini!"

"Hapana," alisema Mama Iwamuro. "Asiweke chini."

Hatsugai alipiga magoti kwenye kokoto. Akautoa kwa mikono miwili, makali yakimwelekea yeye mwenyewe.

Polisi akanyoosha mkono kuuchukua, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye chuma kilichochungulia juu ya ala.

"Usiguse!" Wazee kumi na mmoja, sauti moja. Polisi akarudi nyuma, akatazama mkono wake kama umeungua.

Mjane aliupokea kwa vidole vyake vilivyopinda. Akauchomoa kidogo, upana wa viganja viwili. Akatazama mgongoni, juu ya pete. Midomo ikawa inahesabu.

"Tisa," alisema. "Siku ilipochorwa nilileta chai mlangoni kwa Mwalimu Urabe. Mlangoni, sikuingia. Kulikuwa na kijana anatetemeka kama jani." Akamtazama. "Ulirefuka?"

"Nilipinda, mama."

"Mimi pia." Kisha akaiona damu kwenye ufa. Uso ukabadilika. "Imeingia?"

"Imeingia. Saa moja na dakika ishirini sasa. Lazima ufunguliwe."

"Mama, huyu mtu yuko chini ya ulinzi," alisema polisi mkubwa.

"Muweke chini ya ulinzi wowote unaotaka. Humu hakuna mkono mwingine. Wangu umekufa, hawa wazee wanatetemeka, na wewe ulitaka kushika chuma kwa vidole. Dakika kumi, afande. Upanga huu una miaka mia saba. Wewe una haraka gani?"

Walimweka katikati ya chumba cha panga, chini ya taa, polisi mmoja kila upande, wamevua viatu kwa amri ya mjane. Akagonga kijiti cha mwanzi, kikatoka. Akaushika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama mshazari. Kisha, kwa ngumi ya kulia, akajipiga kifundo cha mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo unavyolegezwa. Huupigi upanga. Unajipiga mwenyewe, na wenyewe unasikia.

Mara moja. Mara mbili. Ya tatu, ulilegea.

Mpini ukatoka. Msuka ulikuwa mweusi, kutu ya miaka mia saba, kutu nzuri isiyoguswa na mtu. Kwenye bega moja tu palikuwa na uzi mwekundu wa damu. Ulikuwa haujafika. Uliishia unene wa ukucha kutoka herufi ya kwanza. Aliufuta kwa ncha ya karatasi, akishusha pumzi puani.

Jina lilikuwepo. Lote.

Mama Iwamuro aliinama. Wazee wakainama. Polisi kijana, asijue afanyeje, akainama pia.

Hatsugai aliinama wa mwisho. Alikaa chini muda mrefu, paji la uso juu ya mkeka, na mtu angesema amelala.

Kisha akainuka, akanyoosha mikono. Kifundo cha kushoto kilikuwa kimeshaanza kuvimba pale alipojipiga. Pingu ilipofungwa juu yake iliuma. Polisi kijana alinusa hewa.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Karafuu," alisema Hatsugai. "Haitoki kwa siku saba."